Je, wajua kwa nini mpiga picha wa harusi anageuza flashi juu darini wakati maharusi wako mbele yake?

Ingia ukumbi wowote wa harusi Dar Jumamosi usiku, pale maharusi wanapoingia na MC anapandisha mzuka, halafu muangalie mpiga picha. Kamera imewaelekea maharusi vizuri tu, lakini ile flashi ya juu imekunjwa shingo inaangalia dari, saa nyingine inaangalia kabisa nyuma ya bega lake. Shangazi yangu kwenye harusi moja alimfuata kijana wa watu akamwambia kwa upole, "mwanangu, taa yako imegeuka, bi harusi yuko huku." Kijana akaitikia "sawa mama" akaendelea vilevile, na shangazi akarudi mezani ana wasiwasi kweli kwamba picha zinaharibika.

Hazikuharibika, zilitoka nzuri mno, na zilitoka nzuri kwa sababu ya lile dari.

Iko hivi. Uso wa flashi ni mdogo, weka viberiti viwili pamoja ndo hapo hapo. Na taa ikiwa ndogo inatoa kivuli kigumu chenye ukingo kama umekatwa na wembe. Fikiria jua la saa saba mchana, kivuli chako chini kimechorwa, pua inatupa kivuli mdomoni, watu wanakunja sura. Sasa wingu likitanda jua ni lile lile ila kivuli kinayeyuka, maana anga lote limegeuka kuwa taa, mwanga unakufikia kutoka kila upande. Mpiga picha akirusha flashi kwenye dari jeupe, kipande cha dari cha mita mbili hivi kinawaka na kinakuwa ndiyo taa yenyewe, yani ametengeneza wingu lake humo ndani kwa sekunde moja iliyogawanywa mara elfu. Akipiga wima sana macho yanakuwa na mashimo meusi, ndo maana wengine wanailaza nyuma kidogo au wanairusha ukutani pembeni, na kwenye flashi nyingi kuna kikadi cheupe kinachochomolewa kwa juu, hicho kazi yake kurudisha mwanga kidogo mbele ili macho yang'ae.

Lakini dari nalo lina tabia zake. Mwanga ukigonga kitu unaondoka na rangi yake. Dari la jipsamu jeupe ni rafiki, kitambaa cheupe au krimu pia ni rafiki, ila kitambaa chekundu kinarudisha nyuso nyekundu na cheusi kinaumeza mwanga wote hakirudishi kitu. Kwenye send-off ya binamu yangu juu palitandazwa kitambaa cha zambarau, kwa macho palipendeza sana, lakini aliyepiga picha alirusha flashi juu usiku kucha na dada yetu aliyekaa saluni toka asubuhi akatoka kwenye albamu ana uso wa zambarau, picha baada ya picha. Iliniuma sana ile, kwa sababu siku hairudiwi. Ukumbi wa namna hiyo, au hema refu ambalo dari lake liko mita nane huko na mwanga unafia njiani, dawa yake ni kusimamisha flashi mbili kwenye stendi pembeni, zina mwamvuli au softiboksi, yani boksi lenye kitambaa cheupe mbele, zinawashwa kwa triga ya redio, kale kadude kalicho juu ya kamera kanakozipa ishara bila waya. Softiboksi ni wingu la kubeba mkononi, basi.

Kuna na lile swali la kwa nini picha nyingine bi harusi anawaka lakini nyuma yake giza kama pangoni wakati ukumbi ulijaa taa na maua ya gharama. Hapo kuna mambo mawili. La kwanza, mwanga wa flashi unachoka haraka, umbali ukizidi mara mbili mwanga unabaki robo. Bi harusi yuko mita 2 kutoka kwenye flashi, wageni walio mita 4 wanapata robo ya mwanga wake, na waliokaa mita 8 wanapata moja ya kumi na sita, hao ni kama hawapo. Ukirusha darini tofauti inapungua, kwa sababu dari liko juu ya wote.

La pili ni spidi ya shata, yani muda ambao kile kipazia cha ndani ya kamera kinakaa wazi kuingiza mwanga, na hili mimi nalipenda kuliko yote. Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, ikipiga kwa nguvu zote ni kama sekunde 1/1000, ukiipunguza nguvu inaweza kufika 1/20000. Shata ikiwa wazi kwa 1/60 au 1/125, flashi haijali, yenyewe imeshawaka na kuzima zamani. Ila taa za ukumbi zinajali, kadiri shata inavyokaa wazi ndivyo zinavyoingia zaidi. Kwa hiyo picha moja ni kama picha mbili, ya maharusi imepigwa na flashi na ya ukumbi imepigwa na shata, na fundi anazipima kila moja kivyake. Akiona mapambo yamepotea anashusha shata mpaka 1/30 na taa za nyuma zinaibuka, huku maharusi wametulia kwa sababu flashi imewagandisha. Juu haendi sana, kamera nyingi zikipita 1/200 au 1/250 kunatokea mkanda mweusi kwenye picha maana shata inakuwa haijafunguka yote kwa mara moja. Na pale wanapofungua shampeni, yale matone yaliyosimama hewani kama shanga ni kazi ya ule ufupi wa flashi, kitu ambacho Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani alikionyesha vizuri kwenye picha yake ya mwaka 1957 ya tone la maziwa lililodondoka na kuruka likawa kama taji.

Sasa tuje kwenye ngozi zetu, maana hapa ndo watu wanalalamika sana "mbona nimetoka mweusi tii" au "mbona nang'aa mafuta". Ngozi nyeusi inanyonya sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, hivyo kinachoonekana zaidi ni ule mng'ao wa juu ya ngozi, na ule mng'ao ni sura ya taa yenyewe. Taa ikiwa ndogo unapata vidoa vyeupe vikali kwenye paji la uso na pua, ukichanganya na jasho la kucheza ndo kabisa. Taa ikiwa kubwa, inatokea ubavuni, mng'ao unatandaa taratibu kwenye shavu mpaka shingoni na uso unapata umbo lake, na hapo sijaona ngozi inayopendeza kuizidi hii yetu.

Halafu kamera ikiachwa ijiamulie inadhani kila kilicho mbele yake kikichanganywa kinatoa kijivu cha katikati. Ikiona gauni jeupe limejaa fremu inasema mwanga umezidi, inapunguza, gauni linakuwa la kijivu na uso wa bi harusi unazama. Ikiona suti nyeusi inafanya kinyume. Fundi anayejua anapima mwanga kwa kufuata uso wa mtu, siyo nguo. Na wazee wetu kwenye albamu zao wanaonekana meno na gauni tu, hilo sehemu yake ilikuwa filamu zenyewe, kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye mwanamke wa kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na rangi za picha za watu wote zikawa zinapimwa kwa ngozi hiyo moja.

Mekapu nayo ina siri. Poda zenye silika, na mafuta ya kuzuia jua yenye titani dioksidi au zinki oksidi, vinarudisha mwanga wa flashi moja kwa moja, kwa hiyo kwenye kioo uko safi kabisa ila kwenye picha uso umetoka kama umepakwa unga, na flashi ikipigwa usoni moja kwa moja ndo inazidi. Kwa hiyo bi harusi kabla hajainuka kwenye kiti cha saluni, apigwe picha moja ya simu, taa zimezimwa na flashi imewashwa. Kama kuna weupe utaonekana hapo hapo, na mtu wa mekapu bado yupo na brashi mkononi.