Nyonga ikivunjika uzeeni: yanayosemwa na jamaa, na yaliyoonekana katika tafiti

Mzee akiteleza bafuni, akashindwa kuinuka, na mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwenzake huku unyayo umegeukia nje, ichukuliwe kuwa nyonga imevunjika mpaka eksirei ithibitishe vingine. Hapo ndipo jamaa husema, tena kwa huruma: "Umri wake hauhimili kisu, mwacheni apumzike, mfupa utaunga wenyewe."

Kisichohimilika ni kitanda. Asiyefanyiwa upasuaji hulala wiki nyingi, pengine mguu ukivutwa kwa uzito ulioning'inizwa, na katika wiki hizo huja vidonda vya kulalia, nimonia na damu kuganda miguuni. Isitoshe, shingo ya fupa la paja ikivunjika na kuhama mahali pake, mara nyingi haiungi, kwa kuwa mishipa inayolisha kichwa cha mfupa hupanda kwenye shingo hiyo hiyo. Ikikatika, kichwa hufa. Ndiyo sababu mzee wa namna hiyo kwa kawaida huwekewa kiungo bandia, ilhali mvunjiko ulio chini ya shingo hukazwa kwa skrubu na bamba, au kwa chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa.

Wapo wazee ambao kutopasuliwa kunawafaa, na haki yao isipuuzwe. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wazee dhaifu mno waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Waliochagua kutopasuliwa hawakuwa na hali mbaya ya maisha kuliko waliopasuliwa, lakini asilimia 83 yao walifariki ndani ya siku 30, dhidi ya asilimia 25 ya wenzao. Kwa hiyo familia inayochagua hivyo ielewe kwamba inamsindikiza mpendwa wao kwa dawa za maumivu na faraja, haimsubirishi apone.

Wengine huamini kwamba kila saa ya kungoja huongeza kifo. Jaribio la HIP ATTACK, lenye wagonjwa 2,970 katika nchi 17, lililinganisha upasuaji wa takribani saa 6 baada ya utambuzi na ule wa takribani saa 24: vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 9 na asilimia 10, tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote. Hata hivyo, miongoni mwa waliowahishwa, waliochanganyikiwa akili walikuwa wachache kuliko katika kundi la pili, na walisimama mapema. Matokeo haya hayahalalishi kumlaza mtu wiki nzima akingoja zamu, maana hata kundi lililochelewa lilipasuliwa ndani ya siku moja hivi.

Kuhusu hofu ya nusukaputi, jaribio la REGAIN la mwaka 2021, lenye wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada, halikuona kwamba sindano ya ganzi ya mgongoni inazidi nusukaputi katika kuokoa maisha au kurudisha uwezo wa kutembea.

Baada ya upasuaji jamaa husema tena, "Asiguse chini, chuma kitalegea." Kwa wazee wengi lengo la upasuaji ni kuwawezesha kuukanyagia mguu mara moja, kesho yake mtaalamu wa fiziotherapia humketisha ukingoni mwa kitanda, humshikisha fremu ya kutembelea, na kumsimamisha.