Bunduki za marisau za Kijapani: yanayosemwa na ukweli wake

“Browning yenye muhuri wa Japani ni nakala ya bei rahisi ya ile ya Ubelgiji.” Hii dhana kuhusu bunduki za kampuni ya Browning ndiyo inayonikera kuliko zote, na utaisikia popote bunduki kuukuu za marisau, yaani za kufyatua vipande vidogo vingi kwa mkupuo, zinapouzwa Marekani na Uingereza. Chanzo chake kinaeleweka. Superposed, bunduki ya mitutu miwili iliyopandana mmoja juu ya mwingine, ilibuniwa na John Moses Browning, aliyefariki mwaka 1926 akiwa Liège, Ubelgiji. Mwanawe Val aliendeleza kazi, na bunduki ikaingia sokoni mwaka 1931. Ilihitaji saa nyingi za mikono ya mafundi, na kadiri mishahara ilivyopanda Ubelgiji, bei nayo ikapaa. Mwaka 1973 Browning ikaleta Citori, bunduki ya mitutu iliyopandana vilevile, iliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Miroku huko Kochi, kwenye kisiwa cha Shikoku.

Watu waliona bei imeshuka wakahitimisha kuwa ubora nao umeshuka. Miroku ilikuwa inatengeneza bunduki tangu 1893, na imewahi kutengeneza hata mizinga ya kuwindia nyangumi. Katika miaka ya 1960 kazi yake ilikuwa tayari mikononi mwa wawindaji wa Marekani kwa jina la biashara la Charles Daly. Citori ilichukua kutoka kwa Superposed jambo la msingi kabisa: pini ya bawaba inayopita upana wote wa bodi, yaani kiunzi cha chuma ambacho mitutu hufungwa. Tofauti iliyo wazi iko kwenye mbao ya mbele, ile inayoshikwa chini ya mitutu. Ya Superposed huteleza tu bila kutoka. Ya Citori hutoka kabisa. Wapo wanaoiona hiyo kuwa njia ya mkato. Kwangu mimi ni nafuu kubwa kwa anayesafisha bunduki yake mwenyewe.

Na wanaodai ya Ubelgiji haina doa wakumbuke mbao za chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya bunduki za Browning za Ubelgiji zilifungwa vitako vya mjozi uliokaushwa kwa chumvi, na chumvi ile ikaanza kula chuma palipofichika, chini ya mbao. Mnunuzi makini wa bunduki ya miaka hiyo huomba skrubu zifunguliwe aangalie kutu kabla ya kutoa hela.

Winchester 101, bunduki nyingine ya mitutu iliyopandana, nayo ina hadithi yake. Wengi huamini kila bunduki yenye jina hilo ni ya Kijapani. Zile za kuanzia 1963 hadi 1987 ndizo zilizotengenezwa Japani, katika kiwanda cha Olin Kodensha, mkoa wa Tochigi. Jina liliporudishwa sokoni karne hii, kazi ilifanyika Ubelgiji. Soma maandishi kwenye mtutu. SKB, jina la watengenezaji wa Kijapani ambalo wengi hulipita bila kugeuka, lina mizizi ya mwaka 1855, na kampuni ya Ithaca ya Marekani iliuza bunduki zake kwa miaka kadhaa. Ukiikuta iliyotunzwa, usiidharau kwa sababu muuzaji anaiuza rahisi.

Dhana inayowagharimu watu pesa nyingi zaidi ni kwamba bunduki inayong'aa ndiyo iliyotunzwa. Mng'aro mwingine ni wa msasa. Pitisha kidole pale kitako kinapokutana na chuma: kwenye bunduki ambayo haijaguswa, mbao huwa imeinuka kidogo sana kuliko chuma. Ikiwa kidole kinashuka kutoka kwenye chuma kuingia kwenye mbao, mtu amesugua kitako hicho, na huenda kingo za nakshi nazo zimelainika. Kisha funga bunduki, uangalie wenzo wa kufungulia. Ikiwa bado mpya, wenzo hukaa upande wa kulia wa mstari wa katikati, na husogea kushoto kadiri sehemu za kufungia zinavyolika. Toa mbao ya mbele, shika mitutu, ujaribu kuitikisa. Ikicheza, hiyo ni kazi ya fundi bunduki, na gharama yake uihesabu kwenye bei.

Utasikia pia: “Triga ya mtutu wa pili imekufa.” Mara nyingi iko hai. Citori nyingi, pamoja na bunduki nyingine za aina hii, hutegemea mshtuko wa risasi ya kwanza ili triga ihamie mtutu wa pili. Dukani hakuna mshtuko. Hakikisha mitutu ni mitupu, weka katriji bandia, fyatua, gonga kitako kwa kiganja, fyatua tena.

La mwisho ni la usalama, na hapa sitaki mtu akosee. “Katriji ikiingia, ndiyo yake” si kweli. Katriji ya milimita 76 inaweza kuingia bila shida kwenye chumba cha milimita 70, kwa kuwa urefu huo hupimwa baada ya mdomo wa ganda kufunguka. Ikifyatuliwa, mdomo hufunguka mahali ambapo mtutu umeanza kuwa mwembamba, na shinikizo hupanda kwa hatari. Kipimo cha chumba kwa kawaida kimechongwa kwenye chuma. Kisipoonekana, fundi apime.

Marisau ya chuma yana shida yake. Tangu 1991 Marekani nzima hairuhusu marisau ya madini ya risasi kwa kuwinda bata na mabata bukini, ilhali bunduki nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina choki isiyobadilishwa, yaani mbano wa kudumu kwenye mdomo wa mtutu. Choki ikiwa ya kubana sana, marisau ya chuma yanaweza kuuvimbisha mtutu. Wengine huamua kwamba bunduki hizo zimeshapitwa na wakati na kuziuza kwa hasara. Marisau ya bismathi ni laini kuliko chuma na yanaruhusiwa kwa uwindaji huo. Bei yake ni kubwa, lakini mwindaji wa bata hutumia katriji chache kwa siku, na mtutu hubaki salama.