Kinachomzuia samaki ni ukuta, si bwawa

Basi la Iringa likisimama Mtera, penye bwawa la umeme, perege wa kukaanga huletwa hadi dirishani. Safari iliyopita abiria wa kiti cha mbele alinyoosha mkono akatangaza: "Hapa njia ya samaki ipo, si mnaona walivyojaa?" Sikumjibu, nilikuwa na perege mdomoni.

Njia ya samaki ni mpito unaojengwa kwenye bwawa la umeme ili samaki wanaohama wapande mto, na washuke bila kukatwakatwa na mitambo. Basi.

Kinachotuchanganya ni neno bwawa. Asili yake ni kinamasi, maji yaliyotuama. Hata leo ukimwambia mtu "nenda bwawani" anawaza maji, hawazi zege. Ujenzi ulipokuja, neno likabebeshwa na ukuta pia. Ndiyo maana ukisema samaki "wanavuka bwawa", msikilizaji anawaona wakiogelea kutoka ng'ambo hii hadi ile, jambo ambalo perege hulifanya kila siku bila msaada wa mhandisi. Perege hana safari. Dume huchimba kiota kwenye maji mafupi, jike huatamia mayai mdomoni, maisha yanaendelea. Anayekwama ukutani ni mtu kama ningu, anayepanda mito kwenda kutaga mvua zikianza, au mkunga (samaki, si mzalishaji), anayezaliwa Bahari ya Hindi, akakulia mtoni, kisha akarudi baharini kuzaa.

"Ngazi ya samaki", aina mojawapo ya njia hizo, nayo imeponza wengi. Hakuna vipandio pale. Ni vidimbwi vilivyopangana, kila kimoja juu kidogo ya mwenzake, na samaki huvipanda kimoja kimoja akipumzika njiani. Bonneville, kwenye mto Columbia huko Marekani, ngazi hizo zipo tangu 1938 kwa ajili ya samoni, mrukaji hodari. Mkunga mchanga haruki. Yeye hutambaa kwenye mteremko uliolowa maji, wenye kukwaruza. Tena ngazi ni ya kupanda. Anayeshuka anahitaji chujio mbele ya mdomo wa mitambo, na mfereji wa kumpitisha kando.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kiti cha mbele, ukisema bwawa la Mtera lina samaki nitaitikia, na perege walikuwa watamu. Ila ukisema njia, nitakuuliza: ya samaki yupi, na anapita wapi kwenye ule ukuta?