"Anticipate": kutarajia au kuwahi?

Barua rasmi za Kiingereza katika ofisi za Dar es Salaam bado hufungwa kwa maneno "Thanking you in anticipation". Za Kiswahili hufungwa kwa "Natanguliza shukrani". Aliyetuachia hilo "natanguliza" alilielewa neno la Kiingereza kuliko wengi wanaolifasiri leo, maana ukimuuliza mtu "anticipate" ni nini, jibu la haraka ni "kutarajia". Si kosa, ila ni nusu ya jibu. Anayetanguliza shukrani hakai akitarajia. Keshatoa asante yake kabla ombi halijajibiwa, na sasa msomaji wa barua ndiye anayedaiwa.

Asili yake ni Kilatini: "ante" ni kabla, "capere" ni kutwaa. Kutwaa kabla, basi. Kiingereza kililipokea katika karne ya 16 likiwa neno la kutenda: kumtangulia mwenzako, kuwahi jambo kabla halijafika, hata kulizuia lisitokee. Maana ya kutarajia tu, bila kuinua mkono, ilishika mizizi karne ya 18, na wapo wenye Kiingereza chao ambao mpaka leo hawaipendi. Hao hutoa mfano wa wachumba. Wachumba wanao-"expect" ndoa wanashona nguo na kuhesabu siku. Wanaoi-"anticipate" ndoa ni wale walioanza kula kabla ya bismillahi.

Katika Kiingereza cha kila siku maana hizo mbili sasa zinaishi nyumba moja, na anayetafsiri ndiye wa kuamua ni ipi iliyokusudiwa. Mimi hutumia swali moja tu: huyu mtu amefanya jambo lolote, au anangoja?

Abiria wa Mbagala anayetoka kazini Kariakoo jioni anajua kituo kitakuwa kimefurika. Akisimama pale akijua atasukumana, huyo anatarajia msongamano. Mwenzake hupanda daladala ingali inakuja, anakwenda nayo mpaka inakoishia na kugeuza na gari, analipa nauli mara mbili na kurudi ameketi dirishani. Huyo ndiye ame-"anticipate". Ukimwandikia kwamba "alitarajia msongamano" utakuwa umemnyima ujanja wake wote. Sema aliuwahi, au alijihami nao.

Kwenye mpira, Kiswahili kimekwisha kujitafutia neno lake, nalo halimo katika kamusi nyingi: kusoma mchezo. Beki anayesoma mchezo huanza kwenda mahali pasi itakapofika kabla haijapigwa. Kipa anayekabili penalti hana hiari, maana kutoka mita 11 mpira uliopigwa kwa nguvu hufika golini chini ya nusu sekunde. Akisubiri auone unakoelekea, ameshachelewa, kwa hiyo husoma mguu wa mpigaji, nyonga na macho, kisha anaruka. Mtangazaji pale Uwanja wa Benjamin Mkapa akisema kipa "amemsoma", ametafsiri "anticipate" vizuri kuliko kitabu.

Sasa visawe vyenyewe, na hapa ndipo penye mitego. "Expect" ni kutarajia au kutazamia. Lakini "tarajia" limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya matumaini, na harufu hiyo haijaliisha. Ndiyo maana tunasema mama mtarajiwa na mkwe mtarajiwa, watu wa heri wanaosubiriwa kwa furaha. Ukiandika "tunatarajia vifo zaidi", msomaji anashtuka, kana kwamba unaviombea vije. Kwa jambo baya, "tazamia" ni salama zaidi kwa sababu linasema macho yako yameelekea huko tu, na "hofia" ni bora pale hofu inapokuwepo kweli.

Linaloniudhi zaidi ni "tegemea". Kila msimu wa masika, kati ya Machi na Mei, utasikia kwamba "mvua kubwa inategemewa kunyesha". Kutegemea ni kuegemea kitu kikushikilie usianguke. Mkulima hutegemea mvua, sawa. Mkazi wa bonde la Msimbazi, ambaye mto ukifura maji huingia mpaka sebuleni, anaitegemea kwa lipi? Anaitazamia. Na akiinua godoro na magunia juu kabla wingu halijafunga, hapo ameshaingia kwenye "anticipate" ile ya kale. Mashirika ya misaada yanayotoa msaada kabla ya mafuriko kwa kufuata utabiri huita kazi hiyo "anticipatory action". "Hatua za matarajio" haisemi kitu. "Hatua za mapema" inaeleweka hata na mjumbe wa nyumba kumi.

"Predict" na "forecast" ni kutabiri au kubashiri, nayo ni kazi ya mdomo: unasema litakalokuja, hulazimiki kujiandaa nalo. "Foresee" ni kuona mbele, kwa yule anayejua kwamba dalili ya mvua ni mawingu. "Await" ni kungoja, na ukisema kusubiri umeongeza subira ndani yake. "Forestall" ni kuwahi ili kuzuia.

Nomino "anticipation" ina tabu yake. Ukumbi uliojaa watu wanaomngoja msanii una shauku, una hamu, roho ziko juu. Usiseme una taharuki. Darasani, mwalimu wa fasihi hutumia neno hilo kwa ile hali ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata, na hapo liko mahali pake. Mtaani na kwenye taarifa za habari, taharuki ni watu kukimbia huku na huku.

Wanasheria nao wanalo la kwao, "anticipatory breach": mtu anatangaza kuuvunja mkataba kabla siku ya kuutekeleza haijafika. Kesi inayotajwa sana ni ya Uingereza, Hochster dhidi ya De la Tour. Hochster aliajiriwa amsindikize De la Tour safarini Ulaya kuanzia tarehe 1 Juni 1852, na mwezi Mei akaambiwa hahitajiki tena. Alifungua kesi Mei hiyohiyo. Mwenzake akadai kwamba mkataba hauwezi kuwa umevunjwa ilhali Juni haijafika. Mwaka 1853 mahakama ikamkubali Hochster: aliyekwisha kuambiwa hapana halazimiki kungoja tarehe ndipo adai fidia. Hapa "tarajia" haifai kabisa, kwa hiyo wengine husema kuvunja mkataba kabla ya wakati wake.

Kwa wanaoandika barua za kazi, kuna jambo la sarufi. "Expect" hufuatwa na "to", lakini "anticipate" haikubali. "We anticipate to finish in June" ni Kiingereza kilichobeba "kumaliza" ya Kiswahili mgongoni. Andika "we anticipate finishing", au rudi kwenye "we expect to finish", ambayo ndiyo uliyokusudia. Na "look forward to" hutaka "hearing", si "hear", hata kama hiyo "to" inakuvuta.