Si sungura anayenuka, ni banda lake

Watu wengi huamini kwamba sungura ni mnyama anayenuka, na kwamba dawa yake ni kumwogesha. Yote mawili si kweli. Sungura hujilamba na kujisafisha mara nyingi kwa siku, kama paka, na manyoya yake hayana harufu ya kuudhi. Kinachonuka ni mkojo ulioachwa bandani. Bakteria huuvunja na kutoa amonia, gesi inayowasha macho na kuumiza njia ya hewa ya sungura mwenyewe, ambaye pua yake iko chini, karibu kabisa na uchafu huo.

Kumtumbukiza majini ni hatari. Hushikwa na hofu kali, manyoya hukawia kukauka, mwili hupoa, na akifurukuta anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Akichafuka nyuma, mfute hapo tu kwa kitambaa chenye unyevu, halafu chunguza chakula na afya yake, maana sungura mzima hachafuki hivyo.

Kazi yenyewe iko bandani, na sungura hukurahisishia: wengi huchagua kona moja ya kukojolea. Weka hapo trei yenye nyasi kavu, uondoe zilizolowa kila siku. Ukoko mweupe unaoganda ni kalsiamu ya mkojo. Siki nyeupe huulainisha, kisha suuza. Mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu mara nyingi ni rangi tu itokanayo na chakula, ila akikojoa kwa shida, mpeleke kwa daktari wa mifugo.