Kiasi cha Bima Kinapokuwa Chini ya Gharama ya Kujenga Upya

Kazi yangu ni kukadiria hasara za moto, na mara nyingi hunifikisha kwenye nyumba za Kampala na Mukono, Uganda, siku moja au mbili baada ya moto kuzimwa, wakati mwenye nyumba bado anaamini kwamba hati ya bima aliyoihifadhi itamjengea tena kila kilichoungua.

Katika nyumba moja ya Kira, moto ulianzia jikoni, ukapanda darini na kuteketeza kenchi na mabati ya upande wote wa nyuma. Kuta zilikuwa zimesimama, na mama mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alidhani zilihitaji lipu na rangi tu. Nilibandua kipande cha zege kwenye linta, boriti ya zege iliyo juu ya dirisha, nikamwonyesha kwamba ndani imegeuka rangi ya waridi, dalili ambayo mara nyingi humaanisha kuwa zege imepata joto la nyuzi 300 au zaidi na nguvu yake imepungua. Linta hiyo, pamoja na mkanda wa zege ulio juu ya kuta za upande ule, ilibidi ibomolewe.

Hasara ilifikia shilingi milioni 100. Kiasi cha bima, yaani thamani ya nyumba iliyoandikwa kwenye mkataba, kilikuwa milioni 240, kwa hiyo mama alitarajia kulipwa zote. Lakini kuijenga nyumba nzima upya kungegharimu milioni 400, na mkataba wake, kama ilivyo mikataba mingi ya bima ya moto, ulikuwa na kanuni ya uwiano: aliyekatia bima asilimia 60 ya thamani hulipwa asilimia 60 ya hasara, hata kama iliyoungua ni sehemu ndogo tu. Akastahili milioni 60, kabla ya kuondoa kile kiasi cha awali ambacho kila mwenye bima hujibebea.

“Mwanangu, ada nimelipa kila mwaka bila kukosa,” aliniambia. Ni kweli alilipa, na iliniuma kumweleza kwamba alichokuwa akilipia ni sehemu tu ya nyumba yake.

Zile milioni 240 zilitokana na mkopo. Benki ilipodai bima, iliandikwa thamani ya deni, kwa sababu benki hulinda fedha zake, na tangu hapo hakuna aliyeigusa tarakimu hiyo. Wengine huandika bei waliyonunulia, ambayo ndani yake mna kiwanja, na ardhi haiungui. Huko vijijini hali hugeuka: nyumba nzuri iliyojengwa kwenye ardhi ya ukoo huweza kukosa mnunuzi wa kurudisha hata nusu ya gharama, na anayeikatia bima kwa bei ya soko hujipunja bila kujua.

Gharama ya kujenga upya ina mengi yanayosahaulika: kubomoa na kusomba kifusi, malipo ya msanifu na mhandisi, kibali cha ujenzi kinachotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013, ukuta wa uzio, nyumba za nje, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Tena bei za simenti na nondo hazisubiri ujenzi uishe. Chunguza pia kama mkataba wako hulipa gharama ya kujenga upya au hukata uchakavu kwanza, kwa kuwa paa la miaka 20 likikatwa uchakavu hubaki na thamani ndogo sana.

Ninachowaomba wenye nyumba ni kumwita mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kukokotoa gharama za ujenzi, apime jengo, kisha tarakimu yake ipitiwe upya kila bima inapohuishwa na kila chumba kinapoongezwa. Kwa kiwango cha ada cha asilimia 0.2, kwa mfano, kuziba pengo la milioni 160 kungemgharimu mama yule shilingi 320,000 kwa mwaka. Pengo hilo lilimnyima milioni 40.