Njia yako ya kwanza kwa mtumbwi: Rubondo ingoje

Kila msimu napata mgeni anayekuja na simu mkononi, ramani imefunguliwa, kidole kiko kwenye kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Anataka mtumbwi, hema na siku tano za porini. Simlaumu. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, msitu unashuka mpaka majini na nzohe, swala wa kwenye vinamasi, wamo kwenye mafunjo. Ila huyu mtu hajawahi kupiga kafi saa mbili mfululizo, na kule ukichoka katikati hakuna bodaboda.

Mimi njia ya kuanzia naipima kwa swali moja: ukitaka kushuka sasa hivi, utashukia wapi?

Yale mawe ya Mwanza ambayo kila mtu anayapiga picha, kwa mwenye mtumbwi ni ukuta. Wimbi linagonga jabali, linarudi, linakutana na lenzake linalokuja, na wewe uko katikati unayumba huku kafi likipiga hewa. Matete nayo yana hila. Mtumbwi unaingia vizuri tu, lakini kilicho ndani hukioni, na kiboko hupenda hapohapo. Ninachotafuta ni mwalo wa mchanga, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi, wenye watu na dagaa walioanikwa. Kwa anayeanza, nataka mwalo kila baada ya kilomita moja au mbili. (Ukishuka penye majani na maji yaliyotulia, usikae na miguu majini. Kichocho kipo.)

Halafu upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo hutoka bara kwenda ziwani, na mara nyingi ni mpole. Jua likipanda mambo yanageuka. Kwa kuwa Mwanza iko kusini mwa ziwa, upepo wa mchana hutujia kutoka upande wa kaskazini. Na wimbi hukua kadiri upepo unavyopata nafasi ya kukimbia juu ya maji. Ndiyo maana Igombe, panapotazama ziwa wazi, na Luchelele, ndani ya Ghuba ya Mwanza, panaweza kuwa na hali tofauti kabisa saa ileile.

Hilo nililijua kwa kulipia. Miaka yangu ya mwanzo nilitoka Igombe kuelekea Kayenze, nikachelewa kwa sababu ya chai ya pili. Saa sita nilikuwa napiga kafi kwa nguvu zote huku nikitazama jiwe moja lenye kinyesi cheupe cha ndege. Nikapiga, nikapiga, jiwe liko palepale ubavuni mwangu. Kwenye maji tulivu mtu wa kawaida anakwenda kilomita nne au tano kwa saa. Mimi siku ile sikuwa nakwenda popote.

Sasa mgeni wa mara ya kwanza namwanzishia Luchelele. Tunaingia majini saa 12:30 asubuhi, tunafuata ufuko kuelekea kaskazini, na saa 2:30 tunageuza hata kama bado ana hamu. Hatufiki kwenye njia ya kivuko cha Kamanga. Tukichelewa kurudi, upepo wa mchana unatukuta mgongoni. Jaketi okozi tunavaa, haliwekwi chini ya kiti.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) nausoma jioni, lakini asubuhi nasimama kwanza mwaloni. Wavuvi wa dagaa wakiwa wamerudi mapema kuliko kawaida na mitumbwi imevutwa juu kabisa ya mchanga, nawasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha nauliza ziwa lilikuwaje usiku. Radi nyingi za ziwa hili hupiga usiku kuamkia asubuhi, na wao ndio walikuwa chini yake. Wakisema ngoja, tunangoja.

Mgeni akiifanya safari hiyo ya Luchelele mara tatu nne bila kuhema, tunahamia Kayenze, tunavuka hadi kisiwa cha Bezi na kulala huko. Rubondo tunaizungumzia baada ya hapo, kwanza kibali cha hifadhi, kisha mahali pa kuweka hema mbali na maji, maana mamba wa kule si wachache.